Kona 48 za Stelvio

Carlo Donegani alipoanza kupasua mwamba wa kipito cha Stelvio, kwenye Alps za Italia ya leo, mwaka 1820, pikipiki ya kwanza ilikuwa bado miaka 65 mbele. Mhandisi huyo Mwitalia alikuwa akiitumikia Dola ya Austria. Dola hiyo ilikuwa imepewa Lombardia kwenye Mkutano wa Vienna wa 1815, na sasa ilitaka njia fupi ya kupitisha askari, posta na maofisa kati ya Tirol na jiji la Milano. Alichotakiwa kujenga ni barabara ambayo farasi ataipanda huku akivuta gari lenye mzigo. Aliikamilisha mwaka 1825. Ilifika mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, na upande wa kaskazini-mashariki, ukianzia kijiji cha Prad, ikawa na kona 48 za kugeuka nyuma, zile ambazo ukiingia unatazama mashariki, ukitoka unatazama magharibi.

Magari ya farasi yamekwisha. Askari wa dola hawapiti tena, na mwenye shughuli Milano ana njia nyingine za haraka. Lakini kila kiangazi, theluji ikishaondolewa, barabara ile ile hujaa pikipiki kutoka Ujerumani, Uholanzi, Uswisi, Uingereza na kwingineko. Kila kona ina kibao chenye namba, na hesabu inapungua kadiri unavyopanda: 48 iko chini, 1 iko juu. Kiwanda cha Moto Guzzi kimewahi kuipa pikipiki yake jina la kipito hicho, na Alfa Romeo ikafanya hivyo kwa gari.

Wanaoandika juu ya safari hizi huanza na mandhari. Mimi naona mahali pazuri zaidi pa kuanzia ni swali kavu: barabara hii ilijengwa kwa ajili ya nani? Ukilijua jibu, utajua mapema kona zake zitakuwaje, mwinuko wake utakuwaje, na hata kwa nini watu wa vijiji vya kando yake leo wanagombana na wageni wao.

Tuanze na farasi. Farasi anaweza kuvuta gari juu ya mlima kwa saa nyingi endapo mwinuko haumalizi pumzi zake, na wahandisi wa karne ya 19 walijitahidi sana usizidi asilimia 10 hivi. Prad ipo mita 915 hivi, kipito chenyewe kipo mita 2,757, na kati yake kuna takriban kilomita 24 za barabara. Piga hesabu: wastani wa asilimia saba na nusu. Ukifika Franzenshöhe, nyumba ya wageni iliyopo mita 2,188, unauona ukuta wa mlima mbele yako na juu kabisa majengo ya kipitoni. Yanaonekana karibu, lakini bado kuna mita 569 za kupanda. Kwa mwinuko wa asilimia 8 unahitaji kilomita saba za barabara, na ukuta huo hauna nafasi ya kilomita saba zilizonyooka. Donegani akaikunja barabara huku na huku juu ya ubavu mmoja, kama mshonaji anayekunja kitambaa kirefu kwenye kabati fupi. Kona 48 zimetokana na hesabu hiyo, wala hakuna aliyekusudia kumburudisha mtu.

Magari hayo yalitembea kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Kona haikuhitaji kuwa pana kwa ajili ya kasi. Ilihitaji tu kuwapa farasi waliofungwa wawili wawili nafasi ya kugeuka. Ndiyo sababu kona za Stelvio zimebana mno, na hapo ndipo mwendesha pikipiki wa leo anapopata kazi.

Kona ya kugeuka nyuma haina mwinuko mmoja. Chukua mfano wa kona ambayo ukingo wake wa ndani una nusu kipenyo cha mita 5 na wa nje mita 11, na barabara inapanda mita moja na nusu kati ya kuingia na kutoka. Anayepita ukingo wa ndani anasafiri mita 16 hivi, kwa hiyo anapanda kwa zaidi ya asilimia 9. Anayepita nje anasafiri karibu mita 35, na mwinuko wake ni kama asilimia 4 tu. Kona ni ile ile, ila ndani ni ukuta na nje ni karibu tambarare. Kwa hiyo anayejua huingia akiwa pembeni kabisa upande wa nje wa njia yake, anachelewa kukata, na macho anayapeleka kule anakotaka kutokea, juu begani kwake, kabla pikipiki haijafika. Anayeangalia tairi la mbele huishia ndani ya kona, kwenye mwinuko mkali, akiwa na gia kubwa na mwendo umekwisha.

Kilichobaki ni hesabu ya kulala. Pikipiki hulala kwenye kona kwa sababu nguvu inayoisukuma nje lazima ikutane na uzito unaoivuta chini. Kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 10, ukienda kilomita 20 kwa saa unalala nyuzi 17 au 18. Ukienda 30 unahitaji nyuzi 35, na hapo mwenye mizigo mingi anaanza kukwangua vyuma chini. Kilomita 10 tu za nyongeza zimezidisha ulalo maradufu. Chini ya kilomita 15 kuna shida ya namna nyingine: pikipiki inaenda polepole mno kuweza kujishikilia wima yenyewe, na kazi yote inabaki kwa mkono wa klachi, mafuta kidogo yasiyokatika, na breki ya nyuma iliyoguswa tu. Injini ikizima katikati ya kona, kitu kilichokuwa kinaisukuma pikipiki isimame kinapotea ghafla, na kilo 250 za chuma na mabegi zinamlalia mtu mguuni. Pikipiki nyingi zinazoanguka Stelvio huanguka namna hiyo, kwa mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea, na mara nyingi mbele ya watalii wenye kamera.

Hapa msomaji wa Tanzania, Kenya au Uganda anapaswa kuongeza kitu. Sisi huendesha kushoto, kwa hiyo kwetu kona inayobana ni ya kushoto. Kwenye Alps watu huendesha kulia, na inayobana ni ya kulia. Haya si mabadiliko madogo. Mkono wa kulia ndio wenye mafuta na breki ya mbele, na mguu wa kulia ndio wenye breki ya nyuma. Pikipiki ikianza kuangukia ndani kwenye kona ya kulia, mguu unaotakiwa kukanyaga ardhi kuiokoa ndio huo huo ulio juu ya breki. Mtu aliyezoea miaka kumi mwili wake kulala kushoto bila kufikiri atajikuta anafikiri, na kufikiri katikati ya kona ni kuchelewa.

Juu huko hewa nayo ni nyepesi. Kwenye mita 2,757 msukumo wa hewa ni kama asilimia 72 ya ule wa pwani, na injini isiyolazimishiwa hewa inapoteza karibu robo ya nguvu zake. Pikipiki za kisasa zinapima hewa na kupunguza petroli ili zilingane, kwa hiyo mwendeshaji anahisi uzito tu. Za zamani zenye kabureta hazijui kuwa zimepanda. Zinaendelea kumwaga petroli ile ile kwenye hewa pungufu, zinakohoa na kutoa moshi mweusi. Dereva wa bodaboda wa Tanzania anayetoka Mombo kupanda Lushoto ameonja kiasi kidogo cha jambo hilo hilo, ingawa huenda ameilaumu plagi. Baridi pia ina hesabu yake. Kwa wastani joto hupungua nyuzi sita na nusu kila mita 1,000, kwa hiyo ukiacha nyuzi 28 Prad unakuta 16 kipitoni, kabla upepo haujaingia kwenye koti.

Kushuka ndiko wengi wanakokudharau. Pikipiki, mtu na mizigo yenye jumla ya kilo 350 ikishuka mita 1,840 inaachia nishati ya kutosha kuchemsha lita 18 au 19 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Nishati hiyo lazima iende mahali. Sehemu inachukuliwa na upepo, sehemu na injini kama umeshusha gia, na yote iliyobaki inaingia kwenye visahani vya breki. Anayeshuka na gia kubwa akishikilia breki mfululizo anavipika, na mafuta ya breki yaliyochakaa yakichemka, mkono unakamata na hakuna kinachofunga. Madereva wa malori wanaoshuka mlima wa Kitonga, Tanzania, wanalijua somo hili: shuka na gia ambayo ungepandia.

Sasa twende Uswisi, kwenye barabara iliyojengwa kwa ajili ya mtu mwingine. Susten, kati ya mabonde ya Bern na Uri, ilijengwa kati ya 1938 na 1945, ikafunguliwa 1946. Wajenzi wake walikuwa wakiwaza gari la injini. Kona zake ni pana, zinafunguka kwa ulinganifu, zinaonekana kutoka mbali, na mwinuko haukushtui. Juu kabisa barabara inapita kwenye handaki fupi lililopo mita 2,224. Nitasema ninavyoona: kwa raha ya kuendesha, Susten inaizidi Stelvio mbali sana. Stelvio ina jina, ina namba kwenye kona, ina foleni ya mabasi na wapanda baiskeli. Susten ina mdundo. Mwenye siku moja tu katika Alps na asiyehitaji picha ya kuwaonyesha watu aende Susten.

Austria nayo ilijenga Grossglockner kati ya 1930 na 1935 chini ya mhandisi Franz Wallack, wakati wa ukosefu mkubwa wa ajira, ikiwa na kilomita 48 na kona 36. Huyu aliyekusudiwa alikuwa mtalii tangu siku ya kwanza, na analipa ushuru getini mpaka leo. Ni barabara ya maonyesho, nzuri na iliyotunzwa, na haina siri.

Lakini bado hatujajibu kwa nini vipito vya zamani vimeachwa na wenye shughuli, vikabaki kwa mtu wa burudani. Jibu lipo chini ya ardhi, na mahali pa kuliona ni kipito cha Gotthard, Uswisi. Kwa karne nyingi njia hiyo ilikuwa mshipa kati ya kaskazini na kusini mwa Ulaya. Kwenye korongo la Schöllenen, chini ya kijiji cha Andermatt, watu walishindwa kujenga daraja juu ya mto Reuss, na hadithi inasema shetani alijitolea kulijenga kwa sharti la kupata roho ya kwanza itakayovuka. Daraja lilipokamilika, wenyeji wakamtanguliza mbuzi. Shetani kwa hasira akabeba jiwe kubwa ili alivunje daraja, ila hakufanikiwa. Jiwe lipo, na mwaka 1977 lilisogezwa mita 127 kupisha barabara kuu mpya. Barabara ikamshinda hata shetani.

Upande wa kusini, kutoka Airolo, iko Tremola, kona 24 zilizotandikwa mawe ya matale, ambayo mvua ikinyesha yanateleza na yakikauka yanatingisha meno. Hadi karne ya 19 Andermatt iliishi kwa wapitao: wenye nyumbu na wenye magari ya farasi, waliohitaji vitanda vya kukodi na nyasi za mifugo. Mwaka 1882 likafunguliwa handaki la reli la kilomita 15, ambalo Louis Favre, aliyechukua zabuni ya kulichimba, alifia ndani yake mwaka 1879. Treni ikaingia mlimani Göschenen, chini ya Andermatt, na kutokea Airolo. Abiria hawakuwa na sababu tena ya kulala Andermatt. Mwaka 1980 likaja handaki la magari la karibu kilomita 17, na mwaka 2016 handaki la reli la kilomita 57 lililo chini zaidi. Kila handaki lilichukua sehemu ya wasafiri na kuwaacha juu wale tu ambao hawana haraka.

Andermatt ilijiokoa kwanza kwa kambi ya jeshi, na katika karne hii kwa Mmisri, Samih Sawiris, aliyejenga hoteli za kifahari pale. Vijiji vidogo havikupata jeshi wala tajiri. Vilipata pikipiki.

Trafoi, kijiji kilichopo mita 1,543 hivi kwenye barabara ya Stelvio, ni mfano mzuri. Majira ya baridi kipito hufungwa na barabara inaishia huko juu kwenye theluji, kwa hiyo kijiji hutegemea wanaoteleza kwa ski. Bingwa wa Olimpiki wa 1972, Gustav Thöni, ni mzaliwa wa hapo. Kiangazi, mlango unafunguka upande wa pili na wageni wanakuja na magurudumu. Katika vijiji vya namna hiyo utakuta hoteli zilizojipanga upya kwa ajili yao: gereji yenye kufuli, chumba chenye joto cha kukaushia koti na buti, meza yenye spana, bomba la kuoshea, na mwenye nyumba anayejua kipito kipi kimefungwa leo asubuhi kwa maporomoko ya mawe. Mgeni wa pikipiki hana nafasi ya kubeba chakula, hawezi kulala ndani ya chombo chake, na hula kama mtu aliyelima. Kwa mwenye hoteli huyo ni mteja bora kuliko mwenye gari la kulala anayekuja na friji yake.

Tatizo ni kwamba hotelini anashukia mmoja, njiani wanapita mia. Mwenye nyumba ya tatu kutoka barabarani, asiyeuza kahawa wala kitanda, anapata kelele tupu. Na kelele za mlimani zina tabia mbaya. Bonde lina kuta mbili za mwamba zinazorudishiana sauti. Kona nazo zinaifanya injini ipande na kushuka: funga breki, geuka, vuta mafuta, funga tena. Sikio la binadamu huzoea mngurumo usiobadilika wa barabara kuu, lakini haliwezi kuzoea sauti inayopanda na kukatika mara arobaini na nane. Farasi wa Donegani wamerudi hapa kwa njia ya ajabu: kona walizotengenezewa ndizo zinazoipa pikipiki sababu ya kupiga kelele.

Jimbo la Tirol huko Austria lilichoka mwaka 2020. Kuanzia tarehe 10 Juni hadi mwisho wa Oktoba, kwenye barabara kadhaa za wilaya ya Reutte, zikiwemo za bonde la Lech na njia ya Hahntennjoch, pikipiki ambayo kadi yake inaonyesha sauti ya zaidi ya desibeli 95 ikiwa imesimama ilipigwa marufuku, na amri hiyo ikarudiwa miaka iliyofuata. Ujerumani, baraza la majimbo liliomba mwezi Mei mwaka huo huo kwamba iwezekane kuzuia pikipiki siku za Jumapili, na Julai maelfu ya waendeshaji wakaandamana. Italia ilikuwa imejaribu mapema zaidi njia ya upole: kiangazi cha 2017, kipito cha Sella kwenye milima ya Dolomiti kilifungwa kwa vyombo vya injini siku za Jumatano za Julai na Agosti, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Haikuchagua chombo, gari na pikipiki vilikaa nje pamoja.

Tirol ilichagua namba iliyopo kwenye kadi kwa sababu polisi anaweza kuisoma bila kifaa. Lakini tazama namba hiyo inapimwaje. Pikipiki inasimama, kipaza sauti kinawekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, injini inazungushwa hadi kiwango kilichopangwa, mara nyingi nusu ya mizunguko inayotoa nguvu ya juu kabisa. Namba hiyo inamsaidia mkaguzi kujua kama ekzosi imechezewa tangu itoke kiwandani. Haisemi chombo kinalia vipi kikiwa gia ya pili kinatoka kwenye kona juu ya kijiji, na haimjui anayekiendesha. Pikipiki mpya, halali, yenye namba 96, ikipita polepole kwa gia kubwa, inazuiwa. Yenye namba 93, ikitolewa kila kona hadi mwisho wa mizunguko yake, inapita huru. Waendeshaji wakalalamika kwamba wanahukumiwa kwa karatasi, na nadhani walikuwa na haki, ingawa wengi wao hawakutaja wale wenzao walioondoa kizuia sauti kwenye ekzosi na kuifanya amri hiyo ionekane ya lazima.

Ningekuwa diwani wa kijiji kimoja cha bonde la Lech, ningeweka kipimo kwenye kona ya kwanza baada ya nyumba ya mwisho, pale ambapo kila mtu anavuta mafuta akidhani kijiji kimeshabaki nyuma.